Mutoto wa miaka 16, metre 2.04, iko Lubumbashi: bila mutu wa kumusemea, video inaweza kumufikisha koleji ya Marekani?

KochiWaKatuba

Bandugu na badada, jambo yenu. Niko nafundisha batoto basiketi hapa Katuba, hapana kazi ya kulipwa, ni jioni kisha kazi yangu, ku terin ya simenti yenye imepasuka upande moja, kama mvua inanyesha tunasukuma maji na raklete mbele ya kuanza. Niko na kijana moja, ametimiza miaka 16 mwezi wa tatu. Tulimupima ku ukuta wa parokia na shoki, bila biatu, metre 2.04, na akitandika mikono inafika 2.17. Basiketi alianza miaka mbili tu, mbele alikuwaka golikipa. Anakimbia sawa mutu mufupi, ribaundi anashika na mukono moja, na akipiga kontre (kuzuia shuti ya mutu) hatupe mupira inje, anaugusa polepole ili abaki nao. Ile hakuna mutu alimufundisha, hata mimi.

Basi nikakata video ya dakika 4 na telefoni yangu, nikaiweka ku YouTube, nikaandikia makochi basaidizi ba koleji 61, majina yabo nilikuwa natafuta ku saiti ya kila shule, usiku, juu muchana megabaiti iko bei. Jibu nilipata mbili na zote mbili ni mashine njo ilijibu, inasema jaza fomu. Nikajaza. Kimya mupaka leo.

Sasa kuna mutu alikuya kumuona mama ya mutoto, mama anauzishaka makala ku soko ya komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Anasema iko na mulango Marekani, shule iko namungojea mutoto, inaomba tu dola 2,500 ya dosie, na pasporo ya mutoto tumuachie yeye. Mama anataka kuuzisha kipande ya parsele. Moyo yangu inakataa lakini sina kitu ya kumuambia, juu mulango yangu mimi iko wapi? Nilipiga hodi mara 61.

Naomba benye walipita hii njia banisaidie. Ni kujuana njo kunapeleka mutoto koleji ao ni kuonekana? Biyombo na Tshiebwe, bale bachezaji ba jina, ni ba hapa Lubumbashi, bo walipita wapi?

Yaya_BelAir

Kochi, aksanti kwa ile kazi unafanya jioni, nilianza na mutu sawa wewe. Mimi nilizaliwa Bel-Air, hapo Lubumbashi, nikatoka na miaka 17, nikacheza miaka mbili juniya koleji (koleji ya miaka mbili) na miaka mbili koleji ya Divizio ya 2, sasa niko nasaidia kufundisha sekondari moja huku Marekani. Nitakuambia yenye ninaonaka.

Barua zako 61 zilifika. Shida hapana njia. Kochi musaidizi anafungua telefoni asubui anakuta video zimejaa, Nigeria, Serbia, Australia, Texas, na akifungua yako anajiuliza bitu tatu haraka haraka: huyu iko nacheza na nani, urefu wake ni wa kweli ao ni wa mudomo, na nani njo ananiambia. Kama mutoto wako ku video iko napiga kontre batoto ba metre 1.70 ile haimuambie kochi kitu hata ikiwa kontre ishirini. Urefu, kila mutu anaongezaka, makochi wanajua. Inabakia swali ya tatu, na wewe hakujui.

Lakini siku mutu mwenye alishaka kumutumia muchezaji wa kweli anamupigia simu, anamuambia angalia huyu wa Lubumbashi, anafungua video ile ile, anaiangalia mupaka mwisho, kisha anairudilia. Ile nimeiona na macho yangu ku biro ya kochi, video ilikuwa imelala wiki tatu, simu moja, siku ile ile wakaanza kuuliza biletini (karatasi za pointi za shule) za mutoto.

Angalia Embiid, nyota wa NBA, ligi kubwa ya Marekani. Alikuwa Yaoundé, Kameruni, alianza basiketi na miaka 15, karibu sawa na kijana wako. 2011 akaenda ku kampi ya Luc Mbah a Moute, na Mbah a Moute mwenyewe alisomaka Montverde Academy kule Florida kisha UCLA, alikuwa tayari NBA. Toka pale Embiid akaenda ku kampi ya Basketball Without Borders Afrika Kusini, kisha Montverde, shule ile ile ya Mbah a Moute! Kisha The Rock School, kisha koleji ya Kansas, na 2014 ekipe za NBA zikichagua bachezaji bapya akachaguliwa wa 3. Siakam naye, Mukameruni, kampi zile zile, sekondari Texas, koleji New Mexico State, yenye hata haiko ya jina kubwa, na 2016 akachaguliwa wa 27. Kipaji ilikuwa yabo, lakini kuna mutu alisema nawajua, na huyo mutu shule ilikuwa inamuamini.

Na ba kwetu. Tshiebwe hakutoka Lubumbashi moja kwa moja akaingia Kentucky, koleji kubwa ya basiketi. Alifika Marekani kijana wa sekondari, akasoma Mountain Mission School kule Virginia, kisha Kennedy Catholic kule Pennsylvania, 2019 akawekwa ku McDonald's All-American, liste ya bachezaji bora ba sekondari Marekani, kisha koleji ya West Virginia, kisha Kentucky, na 2022 akakuwa muchezaji bora wa koleji zote, ribaundi 15.1 kila mechi. Makochi ba koleji walimuona Pennsylvania. Biyombo yeye koleji hakupita hata. Alicheza Yemen, kochi Mreno Mario Palma akamuona kule Mashariki ya Kati akamupeleka Hispania, na 2011 ku Nike Hoop Summit, mechi ya vijana bora, kule Portland akafanya pointi 12, ribaundi 11, kontre 10, mwaka ule ule akachaguliwa wa 7. Siku moja, lakini terin ilikuwa imejaa macho ya NBA.

Huku batoto ba Marekani nabo iko hivyo, usifikiri ni shiye tu. Musimu wa joto kuna ligi za kampuni za biatu, Nike iko na yake, Adidas iko na yake, Under Armour iko na yake, na NCAA, shirika yenye inaongozaka michezo ya koleji, inapatiaka makochi siku zenye zinahesabika za kwenda kuangalia batoto. Mwezi wa saba wanajaa ku Peach Jam, mashindano ya Nike kule South Carolina, wamekaa ku viti mbele kabisa. Mutoto mwenye hayuko ku ile sale, kwa ile wiki ni sawa hayuko duniani. Na pale penye macho, franga nayo inaingia: 2017 FBI ilikamata batu ba Adidas juu walikuwa wanalipa familia za batoto kwa siri ili mutoto aende koleji fulani, na makochi basaidizi juu walikuwa wanakula franga ya siri ili wapeleke bachezaji kwa ba ajenti, na korti ikawahukumu.

Ja Morant, nyota mwingine wa NBA, alikuwa Marekani mule mule na hakuna mutu alimutaka. Musaidizi wa kochi wa koleji ya Murray State alienda ku kampi kumuangalia mutoto mwingine, njaa ikamuuma akaenda kununua chipsi, akasikia mupira unadunda ku sale ndogo ya pembeni, akaangalia. Morant alikuwa anacheza tatu kwa tatu. 2019 akachaguliwa wa 2. Ninafikiriaka ile kila nikipita ku terin ndogo, naingia naangalia.

Kuhusu ule mutu wa dola 2,500 nitarudi, ile inaniuma juu ni hadisi yangu.

DadaWaHimbi

Kochi, miye ni wa Goma. Kaka yangu mudogo alichezaka na batoto ba rika ya Kuminga, ule wa NBA, hapa hapa. Kuminga alizaliwa Goma 2002, akaenda Marekani 2016, akasoma sekondari tatu kule, koleji akaiacha akaingia G League Ignite, ekipe ya vijana ya kulipwa ya NBA, 2021 ekipe ya Golden State ikamuchagua wa 7. Batu hapa banasemaka ni bahati. Lakini alikuwa na ndugu yake mukubwa, Joel Ntambwe, mwenye alicheza koleji ya UNLV. Kuwa na mutu wa kwenu mwenye anajua hewa ya kule ni kitu kubwa sana, nani atakuambia hii shule ni ya kweli hii ni ya bongo?

Sasa shiye benye hatuna ndugu kule. Miye nilijifunza hivi: usitafute Marekani, tafuta fasi ya karibu kwenye macho ya Marekani yanafikaka. Kwetu ilikuwa Kigali. BAL, ligi ya basiketi ya Afrika, ilianzia pale 2021. Giants of Africa, shirika ya Masai Ujiri ya basiketi ya vijana, ilifanya festivali yake kubwa pale 2023. Kaka yangu alivuka Petite Barrière, mupaka wa Goma na Rwanda, na sak moja na biatu bya kuazima, akalala kwa shangazi, hakualikwa mahali, alienda tu kucheza na vijana ba pale asubui na jioni mupaka kochi moja akamuuliza wewe ni wa nani. Hakufika NBA, iko nasoma chuo Kigali na anachezea ekipe ya pale, anakula, anasoma, mama alilia kwa furaha.

Na yule Khaman Maluach wa Sudani Kusini. Alikulia Uganda, ukimbizini, akaingia NBA Academy Africa kule Saly, Senegal. BAL iko na programu yenye inaweka kijana moja wa akademi ndani ya kila ekipe, basi Maluach akacheza BAL na bakubwa, akacheza Kombe la Dunia 2023 na miaka 16, akaenda koleji ya Duke, 2025 NBA ikamuchagua wa 10. Miaka 16 kochi! Na aliyeongoza shirikisho yabo ni Luol Deng, mwenye alichezaka Duke. Unaona? Kuonekana ilikuwa ya wazi, kila mutu aliangalia ku televizyo, lakini tena kulikuwa na mutu wa Duke ndani ya nyumba.

Kitu nakuomba: mutoe mutoto ku terin ya batoto. Lubumbashi iko na ekipe za bakubwa, hata kama atakaa ku benchi apate dakika tano, ile dakika tano mbele ya mutu wa metre 2 mwenye mabega inapita dakika 4 yote ya video yako.

Mwalimu_Kadutu

Naandika kutoka Bukavu, mimi ni mwalimu wa hesabu, basketi naijua kidogo, lakini makaratasi nayajua sana kwa sababu nimeandalia vijana watano na wawili walikwama kwa ajili ya karatasi tu, siyo kwa mpira. Ndugu kochi, umetuambia mikono yake ina urefu gani, hukutuambia anapata ngapi darasani.

NCAA Divizio ya 1 inataka masomo 16 ya msingi, lugha, hesabu, sayansi, jamii, na wastani usiopungua 2.3 kwa kipimo chao cha 4. Masomo 10 kati ya hayo yawe yamekwisha kabla ya kuanza mwaka wa mwisho wa sekondari. Na wanahesabu miaka 4 tangu darasa la 9, kwetu ndiyo mwaka wa kwanza wa umanite, kwa hiyo mtoto akirudia darasa, au mtu akikuambia tumrudishe nyuma miaka miwili ili aonekane mdogo, ile saa haisimami. Mtihani wa SAT, ule wa kuingia koleji, waliufuta kwenye masharti yao tangu 2023, hapo mmepata nafuu. Akishamaliza sekondari, akikaa zaidi ya mwaka mmoja anacheza mashindano bila kuingia koleji, wanaanza kumkata misimu.

Kusanyeni biletini zote za asili, kila mwaka, zenye muhuri, na tafsiri ya Kiingereza ya mtu anayetambuliwa. Mwanafunzi wangu mmoja biletini ya mwaka mmoja iliungua na nyumba, tukakaa miezi saba tukiomba nakala, na shule iliyokuwa inamsubiri ikampa nafasi mwingine. Kijana yule alikuwa ananipigia kila Jumatatu kuuliza. Bado sijasahau sauti yake.

Na Kiingereza. Aanze leo. Kochi akimpigia simu ya video na kijana akabaki anatabasamu tu, mazungumzo yanakufa hapo.

Mkumbukeni Mutombo pia, yule Mkongomani aliyecheza NBA. Alikwenda chuo cha Georgetown 1987 kwa burse ya masomo, alitaka kuwa daktari. Kochi John Thompson alimkuta pale pale chuoni ndipo akamwingiza kwenye timu. Daftari ndilo lilimfikisha mbele ya kochi.

KochiWaKatuba

Mwalimu umenipiga lakini umenipiga vizuri. Iko umanite ya pili, hesabu iko nayo, Kifaransa kidogo kidogo, Kiingereza hapana kabisa. Biletini ya mwaka uliopita iko imefungwa ku shule juu ya deni ya minerval (malipo ya shule). Sikujua ile nayo ni mulango.

Yaya wa Bel-Air, ule mutu anarudi siku ya posho kumuona mama. Niambie nimuulize nini.

Yaya_BelAir

Sawa, sikia hadisi yangu kwanza. Mimi mutu alikula dola 1,800 ya muzee wangu. Nilifika kweli, viza ilikuwa ya kweli, njo maana nilimuamini. Shule, jina sitaweka hapa, ilikuwa nyumba moja, vijana 11, bafu mbili, masomo tulikuwa tunafanya ku kompyuta mbele ya mutu mwenye hata hakuwa mwalimu, na mechi tatu kwa wiki, safari za usiku ndani ya minibasi. Mwaka wa kwisha NCAA ikaangalia yale masomo ikayakataa karibu yote. Makochi babili ba Divizio ya 1 walikuwa wananipigiaka, waliacha ku wiki moja. Njo maana nilienda juniya koleji. Muzee alikufa anafikiri mimi njo sikufanya bidii, sikupataka nguvu ya kumuelezea.

Kwa hiyo, mutu wako. Muombe jina ya shule, kamili, na uitafute wewe mwenyewe ku saiti ya serikali ya Marekani yenye banaita Study in the States, pale kuna liste ya shule zote zenye ziko na ruhusa ya kupokea mwanafunzi mugeni. Kama haiko pale, imekwisha. Kama ni shule ya serikali ya sekondari, viza ya mwanafunzi, F-1, inakubali miezi 12 tu na familia inalipa masomo yote, kwa hiyo mwenye anakuambia shule ya serikali, bure, miaka mbili, ni bongo. Shule inapaswa kutoa karatasi I-20 yenye jina ya mutoto. Kisha unalipa WEWE, dola 350 ya SEVIS (kuandikishwa mwanafunzi mugeni) na dola 185 ya viza, na risiti inabaki kwako. Mutu hawezi kukuuzishia viza, konsula wa Kinshasa njo anaamua, dakika tatu ku dirisha, na anamuuliza mutoto hapana ajenti. Uliza shule kama masomo yake NCAA inayakubali, liste iko ku intaneti, ku saiti ya Eligibility Center. Pasporo inabaki mu sanduku ya mama. Ile usijadili.

Na swali ya mwisho, mbele ya mama: atupe namba za bamama batatu benye batoto yabo aliwapeleka. Hapana picha, hapana majina. Namba. Mama apigie mwenyewe, aongee mama kwa mama.

Kuna kitu ingine unapaswa kujua ili usijilaumu na zile barua 61. Kazi imebadilika. Siku hizi muchezaji wa koleji anahama shule kila mwaka bila kukaa inje musimu, anaandikisha jina ku ile banaita potali, kwa hiyo kochi mwenye anatafuta mutu murefu anaenda kwanza kuchukua mutu wa miaka 22 mwenye alishacheza mechi 90. Na toka mwezi wa saba 2025 shule zinaruhusiwa kulipa bachezaji moja kwa moja, hata maprofesionali ba Ulaya wanakuya. Nafasi ku ekipe ni 15. Mutoto wa sekondari mwenye iko mbali njo anafikiriwa wa mwisho. Kwa hiyo usiandikie tena Kentucky. Andikia juniya koleji, Divizio ya 2, NAIA (shirika ingine ya koleji ndogo), pale kochi anasoma barua zake mwenyewe. Divizio ya 3 hazitoake burse ya michezo, achana nazo kwanza.

Na usifikiri kujuana kunamaliza yote. Baba ya Stephen Curry, ule nyota wa NBA, alichezaka koleji ya Virginia Tech, mutu wa jina, na Virginia Tech ilimupatia mutoto wake nafasi bila burse. Akaenda Davidson, koleji ndogo. Jina ya baba ilimufikisha ku mulango, kuingia ilikuwa hadisi ingine.

DadaWaHimbi

Ile ya namba za bamama, Yaya, nitaifundisha hapa kwetu. Toka uwanja wa ndege wa Goma ufungwe ba ajenti bameongezeka, banajua batu banatafuta kutoka, na banajua mama hawezi kusema hapana juu ya mutoto.

Kochi, ile deni ya minerval ni ngapi?

KochiWaKatuba

Nimerudi kisha wiki mbili, mutanisamehe, rezo ilikuwa mubaya.

Mutu alikuya siku ya posho. Mama akamuomba zile namba, nilikuwa nimekaa pembeni, sikusema kitu. Akasema ni siri ya bateja. Mama akamuambia, basi moja tu, akasirika, akasema tunamukosea heshima, akaenda. Parsele iko pale pale. Mama aliingia kupika bukari na mimi nikabaki inje na kijana, hakusema kitu, alikuwa anadundisha mupira polepole sana.

Deni ya minerval tumelipa, mutu moja wa hapa alituma, anajijua, Mungu amubariki. Biletini ziko mu farde, miaka yote. Kiingereza anafanya na sista moja wa parokia mara tatu ku wiki.

Ekipe moja ya bakubwa ilimukubali ku mazoezi. Mechi ya kwanza alicheza dakika 9, pointi 4, faulu 5, alitolewa, mutu wa metre 2.01 alimusukuma sawa mulango. Mechi ya pili dakika 14, ribaundi 8, faulu 3. Nilisimamisha telefoni yulu ya tribune, mechi nzima bila kukata, hata pale anaanguka, hata pale anachelewa kurudi.

Na tulimupima tena, sasa na metre ya seremala, seremala mwenyewe alishika. Ni 2.02. Shoki yangu ilidanganya, ao alikuwa amesimama ku vidole. Nimebadilisha ile namba ku video zote.

Yaya_BelAir

Nitumie ile ya mechi ya pili, nzima, na jina ya ule wa 2.01. Nitaiangalia usiku kisha mazoezi, na kama ni vile unasema kuna kochi moja wa juniya koleji, alikuwa kochi yangu, nitamupigia kesho asubui mbele aende kazi.